Kihamba na Malisho: Hali ya Wachagga na ya Wamasai

Miongoni mwa makabila ya Tanzania ya kaskazini, hakuna mawili ambayo watu hupenda kuyalinganisha, na aghalabu kuyalinganisha vibaya, kama Wachagga wa miteremko ya Kilimanjaro na Wamasai wa nyanda zilizotandaa chini yake. Yasemwa vijiweni, na hata katika mabaraza ya watu waliosoma, kwamba Mchagga kazaliwa na biashara katika damu yake, na kwamba Mmasai kaikataa shule kwa hiari na kuridhia ufukara kwa ajili ya mapenzi ya ng'ombe. Maneno haya, ijapokuwa husemwa kwa wepesi na pengine bila nia mbaya, nayaona kuwa ni dhuluma kwa pande zote mbili: yanampokonya Mchagga sifa ya jasho lake na ya busara ya wazee wake, na yanamtwika Mmasai lawama ya mambo ambayo mengi katika hayo hakuyatenda yeye, bali alitendewa, kwa sheria na kwa amri, juu ya ardhi ambayo ndiyo msingi wa riziki yake. Dai langu katika makala haya ni moja: kwamba kilichowatenga majirani hawa si nasaba wala akili, ila ni namna ardhi ya kila mmoja wao ilivyotazamwa na wenye kutawala, wa kigeni kwanza na wa kienyeji baadaye: ardhi ya mmoja ilionekana kuwa ina mwenyewe, na ya mwingine ikahesabiwa kuwa tupu.

Yafaa msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mizani ya kupimia jambo hili si kamili. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kumwuliza Mtanzania kabila lake, kwa kuwa taifa changa lilitaka watu wake wajihesabu kuwa wamoja, na tangu hapo hakuna tarakimu za serikali zinazoweza kutuambia kwa yakini Wachagga ni wangapi walio na shahada au Wamasai ni wangapi wasio na maji ya bomba. Mwenye kutaka kulinganisha hana budi kuzitazama wilaya: Rombo, Moshi na Hai kwa upande mmoja, na Longido, Monduli, Ngorongoro, Simanjiro na Kiteto kwa upande wa pili, akikumbuka kwamba katika wilaya hizo wamo pia watu wa makabila mengine. Hata hivyo tofauti ni dhahiri kiasi kwamba haihitaji darubini. Mkoa wa Kilimanjaro umekuwa kwa miongo mingi miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa idadi ya watu wajuao kusoma na kuandika na kwa wingi wa shule za sekondari. Ilhali katika wilaya za wafugaji mtoto huweza kutembea saa nyingi kabla ya kuliona paa la shule, na mama mjamzito huweza kulala njiani kabla ya kufika zahanati.

Tuanze na mvua, maana hiyo ndiyo iliyotangulia kuligawa jambo. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha meta 5,895, hukinga pepo za unyevu zitokazo Bahari ya Hindi na kuzipokonya maji yake katika miteremko ya kusini na mashariki, na kwa sababu hiyo ukanda ulioko baina ya meta 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari hupata mvua ya kustawisha mgomba mwaka mzima. Nyanda za Wamasai, ambazo mtu aliyesimama Machame au Marangu huziona kwa macho yake siku isiyo na ukungu, sehemu zake nyingi hupata milimita 400 hadi 600 tu kwa mwaka, nazo haziji kwa miadi wala kwa usawa. Kijiji hiki huweza kunyeshewa wiki nzima, na kile cha pili yake kikapata vumbi.

Wachagga walijibu hali yao kwa kukaa mahali pamoja na kupalima kwa kina. Katika kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani, ambacho aghalabu hakifiki hekta moja, waliipanga mimea kwa tabaka: juu kabisa miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi na maharage, wakachimba mifongo, yaani mifereji iletayo maji kutoka mitoni kwa mwendo wa kilometa kadhaa kandokando ya makorongo, kazi ambayo haikuwezekana bila ya koo nyingi kukubaliana nani achimbe, nani asafishe, na nani apate zamu ya maji siku gani. Ng'ombe wachache walifungiwa zizini, wakalishwa majani yaliyokatwa na wanawake huko nyika ya chini na kupandishwa mlimani vichwani, na samadi yao ikarudi kwenye migomba.

Wamasai walijibu hali yao kwa kuhama, na huku kuhama kuna elimu ndani yake ambayo watu wengi hawataki kuiona. Mchungaji hujua malisho ya masika na malisho ya kiangazi, hujua wapi penye chumvi, wapi penye mbung'o, na mwezi gani ndama wa nyumbu huleta maradhi kwa ng'ombe. Na karibu na boma huachwa alalili, sehemu ya majani isiyoguswa ila kwa ndama na wanyama wadhaifu, ambayo hulindwa na jamii nzima kwa makubaliano ya wazee wasioandika neno hata moja. Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliviingiza katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani vihamba vya Shimbwe Juu huko Kilimanjaro pamoja na ufugaji wa Wamasai wa Engaresero, karibu na Ziwa Natron. Wataalamu walivitazama vyote viwili, wakaona kwamba kila kimoja ni tadbiri ya watu waliojua walifanyalo.

Na laiti mtu angeuliza, katikati ya karne ya 19, ni nani kati ya hawa wawili aliye tajiri na mwenye kuogopwa, jibu lisingekuwa lile tunalolisikia leo. Misafara ya wafanyabiashara waliotoka Pangani na Mombasa iliwalipa Wamasai hongo ili ipite salama. Huko mlimani, katika uchifu wa mashariki na wa Marangu, watu walichimba mahandaki chini ya ardhi wapate kuwaficha wanawake, watoto na mifugo wakati wa uvamizi. Wahunzi wa Mamba walifua mikuki kwa mtindo wa Kimasai, na vijana wa Kichagga waliiga ngao na mapambo ya morani kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa alama ya ushujaa. Walakini uhusiano wao haukuwa wa vita peke yake. Masoko yaliyofanywa na wanawake chini ya mlima yaliendelea kukutana hata pale wanaume walipokuwa wakiviziana: Wamasai walileta maziwa na ngozi, Wachagga wakaleta ndizi na vyakula vya shamba, na kila upande ukarudi na kile ambacho ardhi yake haikuweza kukitoa.

Kisha ukaja msiba ambao Wamasai wanaukumbuka mpaka leo kwa jina la Emutai. Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu iliwapukutisha ng'ombe, na mnamo 1890 na 1891 sotoka ikawamaliza waliobaki. Juu ya njaa hiyo ikaja ndui, na juu ya ndui vita vya ndugu baina ya Sendeyo na Lenana, wana wa laiboni, yaani kuhani na mwaguzi, Mbatiani, walipogombea urithi wa baba yao. Msafiri wa Kiaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta watu wamebaki mifupa, akakadiria kwamba theluthi mbili ya Wamasai walikuwa wameangamia. Hesabu yake ni kisio la mpita njia, wala hatuwezi kuithibitisha. Lakini hata ukiipunguza nusu, lazima ukiri kwamba Wajerumani walipokuja kuligawa bara hili waliikuta jamii iliyolala kitandani, nao wakaitendea kama jamii iliyokwisha kufa. Malisho bora ya miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro na ya uwanda wa Sanya yalipewa walowezi, na Wamasai wakaamriwa kukaa katika hifadhi iliyotengwa kwa ajili yao kusini ya njia ya kutoka Moshi kwenda Arusha, ambako maji ni haba. Upande wa pili wa mpaka, Waingereza walifanya vivyo hivyo kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya 1911, ambayo hatimaye yaliwaondoa Wamasai hata katika nyanda za Laikipia zenye majani na baridi.

Wachagga nao hawakusalimika. Meli, mangi (yaani chifu) wa Moshi, aliyewapiga vita Wajerumani, alinyongwa mwaka 1900 pamoja na viongozi wengine, na ardhi ya chini ya ukanda wa vihamba ikatwaliwa na wenye mashamba makubwa, hata Wachagga wakajikuta wamebanwa baina ya msitu wa juu na mashamba ya wageni chini. Ila hapa ndipo njia zilipoachana: vihamba vyenyewe havikuguswa. Mtawala aliyepita mlimani aliona migomba iliyopandwa kwa safu, mfereji uliochimbwa, kaburi la babu nyuma ya nyumba, na akafahamu, hata kama hakutaka kufahamu, kwamba hapa pana mwenyewe. Alipopita uwandani aliona majani na twiga, wala hakuona mkono wa mtu, ingawa majani hayo yalikuwa yamehifadhiwa kwa makusudi tangu masika yaliyopita.

Juu ya msingi huo ndipo ilipopandwa kahawa. Mapadre wa Kilema, waliofika mwaka 1891, ndio walioileta katika miteremko hiyo, na Wachagga walipoona kwamba mbuni wapenda kivuli, na kwamba kivuli cha mgomba kipo tayari, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Walowezi walipinga vikali, wakidai kwamba kahawa ya Mwafrika itaeneza maradhi katika mashamba yao, na nyuma ya dai hilo ilikuwepo hofu nyingine, kwamba mtu mwenye mibuni yake hatakwenda kuwa kibarua wa mwingine. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyetawala Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliwatia moyo wakulima, na mwaka 1925 wakaanzisha chama chao cha wapandaji, ambacho mwaka 1933 kilirithiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU. Sidhani kama kuna chombo kilichoijenga hali ya Wachagga kuliko hicho. Kahawa ya maelfu ya wakulima wadogo ilikusanywa, ikapimwa, ikauzwa kwa pamoja, na fedha zake zikarudi mlimani kuwa mabati, vitabu na karo. Reli ilikuwa imekwisha kufika Moshi tangu 1911. Shule za Walutheri na za Wakatoliki zilikuwa zimekwisha kusimama Machame, Kilema, Kibosho na Moshi. Na kwa kuwa vihamba vimesongamana, shule moja iliweza kuwapata watoto wa koo nyingi bila mmoja wao kutembea mbali. Kila kitu kilimfuata mtu aliyekaa mahali pamoja.

Na kila kitu hicho hicho kilimkimbia aliyehama. Serikali ya kikoloni ilifungua shule ya bweni Monduli, lakini kwa mzee wa Kimasai mtoto aliyepelekwa bweni alikuwa mchungaji aliyeondoka katika kundi, na zaidi ya hayo alikuwa mtoto aliyefundishwa kuona haya kwa ajili ya baba yake. Wazee walipolazimishwa kutoa watoto, wapo waliowaficha wale waliowapenda. Ndivyo ilivyokuwa, lakini tusisahau kwamba miongoni mwa waliopelekwa alikuwemo Edward Moringe Sokoine, aliyesoma Monduli kisha akapanda Kilimanjaro kumalizia masomo yake Umbwe, akawa Waziri Mkuu wa Tanzania mara mbili, mpaka alipofariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984. Hakuna aliyeweza kumwambia Sokoine kwamba Mmasai hana kichwa cha shule.

Jambo lililowaumiza Wamasai kupita yote lilikuja kwa jina zuri la hifadhi. Serengeti ilipofanywa kuwa mbuga ya taifa, mwaka 1951, wafugaji walikuwa wangali wakiishi ndani yake. Mwaka 1958 wazee walitia saini mapatano ya kutoka, na mwaka 1959 yakatengwa maeneo ya Ngorongoro, yapata kilometa za mraba 8,300, ambako waliahidiwa kwamba wataishi pamoja na wanyama na kwamba haki zao zitalindwa. Baadaye zikaja Manyara na Tarangire, na mwaka 1988 wafugaji wakaondolewa Mkomazi. Ndani ya Ngorongoro kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Na mtu asiyeruhusiwa kupanda hata mche wa mahindi nyumbani kwake, huku ng'ombe wake wakipungua na watoto wake wakiongezeka, ataambiwaje kwamba hana bidii? Mwezi wa Juni 2022 eneo la kilometa za mraba 1,500 huko Loliondo liliwekewa mipaka na kutengwa kuwa pori tengefu, katika vurugu zilizomwaga damu, na mwaka huo huo ikaanza kazi ya kuwahamishia wakaazi wa Ngorongoro kijijini Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Serikali husema kwamba wakaazi wa Ngorongoro, waliokuwa takriban 8,000 mwaka 1959, sasa wamepita 100,000, na kwamba kuhama ni kwa hiari. Wamasai wengi husema kwamba hiari haipatikani pale ambapo huduma zimepunguzwa. Nimeyasikiliza maneno ya pande zote mbili, na insafu yanilazimu kusema kwamba ongezeko la watu ni kweli, lakini ni kweli pia kwamba wingi wa watu haukupata kuwa sababu ya kuwaondoa Wachagga vihambani, ijapokuwa Kilimanjaro ni miongoni mwa sehemu zilizosongamana kupita zote katika nchi yetu.

Wapo watakaosema kwamba mila ndiyo mzizi wa yote, wala si ardhi. Kwa hao ninaye shahidi, nao ni Waarusha wa Mlima Meru. Watu hawa husema Kimaa, hutahiri vijana wao kwa marika yale yale ya Kimasai, na wametokana na jamii hiyo hiyo. Ila mnamo miaka ya 1830 walikaa katika miteremko yenye mvua, wakajifunza mgomba na mfereji kwa jirani zao, na baadaye wakapanda kahawa. Leo hali ya Mwarusha, katika shule, katika biashara za mjini, na katika shida ya mashamba yaliyogawanywa mno, inafanana na ya Mchagga kuliko ya Mmasai wa Simanjiro ambaye ni ndugu yake kwa lugha na kwa rika. Kama damu na mila ndizo zingekuwa mwamuzi, jambo hili lisingewezekana.

Sasa nisije nikafahamika kwamba Mchagga anastarehe. Kihamba kinagawanywa kila kizazi, na kwa desturi kifungua mimba na kitinda mimba ndio wenye nafasi ya kwanza, hata wana wa katikati wakalazimika kuondoka. Safari zao kwenda Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Nairobi, ambazo watu huzisifu kuwa ni ghera ya biashara, mwanzo wake ni ukosefu wa ardhi. Ugonjwa wa chulebuni uliishambulia mibuni tangu miaka ya 1960, na dawa zake ni ghali. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwa kimojawapo, na viliporudishwa katika miaka ya 1980 uaminifu mwingi ulikuwa umekwisha kupotea. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana masoko ya kahawa yakavunjika na bei ikaporomoka. Wapo waliong'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Serikali, kwa nia njema ya kuwainua waliobaki nyuma, iligawa nafasi za sekondari kwa mafungu ya mikoa, na wazazi wa Kilimanjaro, walipoona milango imekuwa myembamba, wakajenga shule zao wenyewe kwa michango ya kanisa na ya ukoo. Leo mtu apitaye Kibosho au Rombo huona nyumba za matofali zilizofungwa makufuli, ambazo hufunguliwa mwezi wa Desemba watoto wanaporudi kula Krismasi, na katikati yake bibi mmoja anayepalilia migomba peke yake.

Nako uwandani, utajiri haupimwi vizuri na wapimaji wetu. Wanapohesabu umaskini huuliza habari za bati, saruji na umeme, na boma lenye ng'ombe mia mbili huonekana fukara kupita kibanda cha mchuuzi wa mjini. Mizani hiyo si ya haki. Hata hivyo ng'ombe hao hawapo katika kila boma. Wafugaji wengi wamebakiwa na wachache wasiotosha kulisha nyumba kwa maziwa, na ukame kama ule wa 2008 na 2009, uliotandaza mizoga katika Longido na Monduli, huweza kumfanya mwenye mali ya asubuhi kuwa mhitaji jioni. Zamani angehamia mahali pengine. Siku hizi mahali pengine pana ua, au pana shamba la maharage. Maana katika nyanda za Lolkisale na Simanjiro wakulima kutoka milimani, Wachagga na Waarusha miongoni mwao, pamoja na makampuni, walilima malisho ya masika kwa vibali vilivyotolewa katika ofisi za mbali. Na madini ya tanzanaiti, yaliyogunduliwa Mererani mwaka 1967 katika ardhi ya Simanjiro, yamewatajirisha wageni kwa miaka mingi kuliko wenyeji, ingawa mwaka 2020 Saniniu Laizer, Mmasai wa huko huko, aliiuzia serikali mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 na kusema kwamba atajenga shule. Vijana ambao hawana ng'ombe wala mawe wamekwenda Dar es Salaam na Unguja, wakawa walinzi wa usiku, wasusi wa nywele na wauza dawa za mizizi, na wengi wao hutuma kila senti nyumbani ili kununua mtamba.

Kwa wanawake, tofauti ya mlima na uwanda hupungua. Mama wa Kichagga hubeba majani, huuza ndizi sokoni na husimamia karo, lakini kahawa na kihamba kwa desturi ni vya mume. Mama wa Kimasai hujenga nyumba kwa mikono yake na maziwa ni yake, lakini uamuzi wa kuuza ng'ombe si wake. Binti wa Kichagga ametangulia mbali kwa shule, wala hilo halina ubishi. Binti wa Kimasai alikuwa akiozwa kabla hajamaliza darasa la saba, na wapo wanaoozwa hivyo hata sasa. Ila tangu ilipofunguliwa shule ya sekondari ya wasichana wa Kimasai ya Kanisa la Kilutheri huko Monduli, mwaka 1995, wamekwisha kutoka humo wauguzi, walimu na wanasheria ambao baba zao wenyewe hujivunia kuwataja. Nayataja haya kwa furaha, kwa kuwa yanaonyesha kwamba wazee hawakuikataa elimu. Waliikataa ile iliyokuja kuwatenganisha na watoto wao.

Tukirudi kwenye ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliruhusu jambo ambalo, kama lingefanywa miaka mia moja kabla, historia ya uwandani ingekuwa nyingine: kwamba kundi la watu liweze kumiliki malisho kwa pamoja na kupewa hati miliki ya kimila, kama vile mtu mmoja apewavyo hati ya shamba lake. Katika baadhi ya vijiji vya Longido, Monduli na Simanjiro hati za namna hiyo zimekwisha kutolewa, na wilayani Kiteto vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao chini ya jina la OLENGAPA, vikachora katika ramani visima, njia za mifugo na mahali pa chumvi, vikakubaliana namna ya kuyatumia pamoja. Kazi hiyo huenda polepole. Yahitaji mpima ardhi, vikao vya vijiji jirani, fedha za wilaya, na mkurugenzi asiyeyaona majani kuwa ni kiwanja kinachosubiri mwekezaji. Vijiji vya wafugaji visivyo na hati bado ni vingi kupita vilivyo nazo, na wenye trekta hawangoji vikao vimalizike.